Jicho Lisilo na Tongotongo

Maabara ya Mwanga
4 Februari

Mdogo wangu Bonge,

Kabla hujauliza, mimi ni mzima na ninakula. Hofu yangu yote iko huko kwako, shimoni.

Dereva wa lori la ngozi atakuletea sanduku la bati. Usilitupe kama unavyotupa viatu vyako. Ndani mna vidude vya kubana kwenye ukosi wa shati, kila mtu wa zamu yako apate chake. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya tangu nilipoondoka nyumbani, ile ambayo Mama huwaambia majirani kwamba "anatengeneza mataa". Mkuu wangu hapa maabara alitaka tuvijaribu hospitalini, kwenye mabomba ya gesi, ambako kila kitu kinang'aa. Nikamwambia hapana, vianze kwenye kiwanda cha ngozi, kwenye mashimo ya maji machafu, kwa mdogo wangu. Tangu yule mwenzenu atolewe shimoni mwaka jana akiwa amekufa bila hata mkwaruzo, sina raha. Simu ikiita tu, moyo unaniambia ni zamu yako.

Unaijua mwenyewe ile gesi ya mayai viza. Ikiwa kidogo unainusa, unaziba pua, unatukana. Ikiwa nyingi inaua pua kwanza, halafu inammaliza mwenye pua. Kwa hiyo usiiamini pua yako, hata kama Mungu alikujalia kubwa kuliko zetu sote.

Kidude chenyewe sikuelezi chote maana utasinzia. Ndani kuna kipande kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, na juu yake tumechora njia ya kioo nyembamba kuliko unywele. Mwanga unazunguka humo bila kupumzika. Gesi ikija, ule mwanga unabadilika, taa ya kijani inakuwa nyekundu na kidude kinapiga kelele. Wewe chukulia tu kwamba ni jicho. Linaiona hewa ambayo macho yako hayaioni. Likilia, panda ngazi, usiulize swali.

Lori likija mjini nirudishie vidude nisome kumbukumbu zake, nami nitavirudisha kwa lori hilohilo. Barua weka humohumo. Simu mnaziacha getini, na hata ukitoka, mimi na wewe hatumalizi dakika mbili kwenye simu bila kugombana. Mama asomewe barua hii, asiposomewa atanuna.

Msalimie wifi yangu na mapacha.

Dada yako,
Miwani


Kiwandani
19 Februari

Profesa wa Mataa,

Sanduku limefika. Dereva amelifunga mkanda kitini kama abiria, sijui ulimtisha kwa maneno gani.

Watu wangu wamevipenda vidude vyako. Tumevipa jina moja tu, Jicho. Sasa hakuna anayeshuka kabla hajaulizwa, "Una Jicho?" Pampu, yule jirani yetu wa ukuta kwa ukuta anayeendesha mashine ya kunyonya matope, alikataa siku ya kwanza. Alisema yeye amenusa mashimo tangu wewe hujaota meno. Siku ya pili likamlilia akiwa katikati ya ngazi, akapanda juu mbio hadi akaacha kiatu kimoja chini. Tangu siku hiyo halivui. Mkewe ananiambia hata mezani anakaa nalo.

Shida ni moja, Dada. Linalia mno. Asubuhi linalia, mchana linalia. Kila likilia tunapanda, tunakaa ukingoni tunasubiri, na Meneja anatutazama kutoka dirishani kwake, mikono kiunoni. Jana ameshuka akasema, "Hivi nimeajiri wanaume au vifaranga?" Watu wamecheka, lakini cheko la midomo tu. Wapo walioanza kuliacha Jicho kabatini. Nimewaambia anayeshuka bila Jicho hashuki na mimi.

Ila nikuulize, na usinipandishie. Haiwezekani likawa linaona vitu ambavyo havipo? Maana siku nyingine linalia na mimi sinusi chochote.

Mama anasema umekonda, amejuaje sijui. Wifi yako anakusalimu.

Mdogo wako,
Bonge


Maabara ya Mwanga
27 Februari

Bonge,

Nimefungua sanduku nikataka kulia. Hivi vidude vilipita wapi, tumboni mwa ng'ombe? Lile dirisha dogo la mbele limegandiwa na chokaa, nywele za ngozi na mafuta ambayo sitaki hata kujua ni ya nini. Mkuu alisimama nyuma yangu akaguna. Akasema kumbukumbu za vidude vichafu hazifai, huenda nusu ya hiyo milio ni uchafu tu. Amenipa hadi mwezi wa tano. Nisipomwonyesha kumbukumbu safi, kazi yote inahamia hospitalini na nyie mnarudi kwenye pua zenu.

Nakuomba, basi, litunze dirisha. Jicho lenye tongotongo litaona nini? Matope yasiliguse, chokaa isiliguse. Namna ya kufanya utaijua wewe, wewe ndiye fundi huko.

Na hilo swali lako. Mimi siamini kama Mkuu. Naamini milio mingi ilikuwa gesi kweli, na kutonusa kwako ndiko kunakonitia baridi, rudia barua yangu ya kwanza. Dawa yake ni feni. Shimo lipulizwe hewa safi kabla mtu hajaweka mguu kwenye ngazi. Mwambie Meneja. Ukimwonea aibu nitamwandikia mimi, na mimi aibu sina, unanijua.

Nimekasirika lakini nakupenda. Kula vizuri.

Miwani


Kiwandani
16 Machi

Profesa,

Usimwandikie Meneja, utanifukuzisha kazi. Feni imefika. Kubwa, ya bluu, imeshushwa garini mbele ya macho yangu haya mawili. Kwa hiyo lala usingizi.

Vidude utaviona mwenyewe. Fungua sanduku polepole usije ukapofuka. Dawa ya tongotongo nimeipata, lakini sikuambii, ni siri ya jeshi.

Na habari kubwa ni hii: tangu nipate hiyo dawa, Jicho halijalia hata mara moja. Kijani kitupu. Pampu sasa anaimba shimoni, na sauti yake unaijua, heri mlio. Meneja alipita akasema, "Sasa naona wanaume." Watu wote wamerudi kulivaa, hakuna anayeliacha kabatini tena.

Mama alisomewa barua yako, akasema mdomo ulikuwa nao tangu tumboni. Mapacha wanaota meno, nyumba nzima hailali.

Mdogo wako mtiifu,
Bonge


Maabara ya Mwanga
28 Machi

Bonge wangu,

Leo hunipati na neno baya. Nimeziweka kumbukumbu zenu kwenye kompyuta, na ule mstari umelala kimya kutoka mwanzo hadi mwisho. Kabla ya feni ni milima mitupu, baada ya feni ni uwanda. Mkuu ameita watu wa ghorofa zote waje kutazama. Vidude vyenyewe safi kama vimetoka dukani. Nimeingia chooni nikalia kidogo, kwa furaha, na ukimwambia mtu nitakukana.

Unajua tangu lini sijasikia simu ikaita bila moyo kushtuka? Jana iliita, nikaipokea tu kama watu wengine.

Mkuu ananituma nikawaonyeshe wafadhili mstari wenu. Safari ni ya ndege na ya mbali, nitakaa huko hadi Aprili iishe. Vidude navirudisha, bakini navyo; sanduku likija na barua yako litanisubiri stoo, maana hapa mwenye funguo zake ni mimi. Wakikubali, kila shimo la kila kiwanda litapata Jicho.

Halafu hiyo siri ya jeshi ni ipi? Niambie, nataka kuiandika kwenye maelekezo ya watumiaji wengine.

Dada yako mwenye furaha,
Miwani


Kiwandani
10 Aprili

Profesa wa Ndege,

Haya, kwa kuwa umeomba kwa adabu, nakufunulia siri.

Ulisema ndani ni mwanga tu unaozunguka, na kwamba nichukulie ni jicho. Nikakaa nikafikiri, mwanga unazuiwa na nini? Wewe tangu utotoni una vioo usoni, vumbi haliingii, na bado unaona hadi dhambi za watu. Basi nami nikalivalisha Jicho miwani. Selotepu! Ile inayong'aa, ambayo ukiibandika huijui kama ipo. Mwanga unapita kama kawaida, matope yanabaki nje.

Sifa si zangu peke yangu. Mimi na vidole hivi kipande kilijikunja kila mara. Wifi yako, kutwa yuko duka la vifaa vya shule anafunga zawadi za watu, ndiye aliyenipokonya. Anakata kipande sawasawa na dirisha, hakuna pembe inayotokeza, anabandika, halafu anapitisha ukucha juu yake hadi mapovu ya hewa yaishe. Kila asubuhi kabla ya chai anavalisha Macho ya zamu nzima, na Pampu anakuja mlangoni kuchukua lake kama mtoto anayesubiri mkate. Jioni tunabandua, chini yake hakuna hata doa. Ndiyo maana uliviona vinang'aa.

Sasa nikuambie na la pili, maana naona umefurahi na sitaki kukuficha. Ile feni haijaungwa umeme. Iko ofisini kwa Meneja, bado imevaa maboksi yake. Sikukudanganya, nilisema imefika, na kufika imefika. Nilijua ukisikia utapiga kelele hadi tuisikie bila simu. Lakini umeona mwenyewe, gesi haipo. Mkuu wako alisema kweli, ilikuwa ni uchafu tu uliokuwa unalia.

Kesho kutwa tunashuka kwenye shimo kubwa la nyuma, halijaguswa tangu mvua. Leo asubuhi tulipoinua mfuniko, harufu ya mayai viza ilitupiga hadi machozi. Baadaye tukaizoea, na jioni haikuwepo kabisa, imeisha yenyewe.

Waambie hao wafadhili kwamba fundi wa miwani anaitwa Bonge.

Mdogo wako


Nyumbani
2 Mei

Wifi yangu,

Msibani hukuniambia neno, nami sikukuuliza. Watu walikuwa wengi na Mama alikuwa mikononi mwako. Ukapanda gari ukaondoka. Sasa nauliza.

Nakuandikia nilivyosimuliwa na waliokuwa juu. Pampu alitangulia. Alifika chini akakaa, kama mtu aliyechoka tu, wakamtania. Hakujibu. Kaka yako aliangalia taa ya kwenye ukosi wa Pampu, ilikuwa kijani. Akaangalia yake, kijani. Akasema, "Ameteleza huyu, mnishikie kamba," akashuka. Hakufika hata kumshika mkono. Waliobaki walitaka kushuka, ni yule dereva wa lori aliyewazuia kwa kuwapiga. Mpaka kwenye meza ya hospitali, wifi, taa zao zote mbili zilikuwa kijani. Nilisimama pale nikiitazama ile taa ya mume wangu. Yeye amelala na midomo imebadilika rangi, na kidude chenyewe kinasema hakuna kitu.

Meneja ameandika kwamba vyombo vya dada wa marehemu viliwadanganya. Mke wa Pampu hanisalimu. Tunachota maji bomba moja, ukuta mmoja, na hanisalimu. Anasema mumewe ameuawa na mataa ya nyumba yetu. Mama anakaa tu, anashika viatu vya mwanawe.

Nimekuwekea vile vidude viwili kwenye sanduku jingine. Sijavigusa, viko kama vilivyotoka shimoni. Hata vipande vyangu vya selotepu havikubanduka, vimeshika hadi mwisho.

Niambie jambo moja tu. Kilisema uongo? Kama kilisema uongo, hasira yangu nitaiweka kwako, angalau nijue pa kuiweka. Kama hakikusema uongo, basi ilikuwa nini?

Mke wa kaka yako


Maabara ya Mwanga
6 Mei

Bonge,

Hii haina lori la kuileta. Nitaitia kwenye droo. Nakuandikia kwa sababu nisipokuandikia wewe nitapasuka.

Sanduku lako la Aprili nimelikuta leo. Lilikuwa chini ya meza stoo, limenisubiri kama nilivyoagiza mwenyewe. Ulipokuwa unaandika habari za selotepu, mimi nilikuwa mbele ya watu na mstari wako ukutani, mkubwa, kimya, nao wanapiga makofi. Kutoka huko nikaitwa moja kwa moja msibani kwako, na matanga yalipoisha Mkuu akanirudisha kwa wafadhili hadi wiki hii. Nimekuzika bila kujua kilichokuua.

Sasa najua. Nimeviweka vidude vyenu viwili ndani ya kasha la kioo, na selotepu yake, sijaigusa. Nikaingiza gesi. Kijani. Nikaongeza gesi hadi kiwango ambacho ng'ombe angeanguka. Kijani, Bonge. Nikachukua kibano nikabandua kipande kile, kimekatwa vizuri, sijapata kuona kilichokatwa vizuri hivyo. Kidude kikapiga kelele hadi walinzi wakaja. Kilikuwa kizima muda wote. Kilikuwa kinakungoja.

Gesi lazima iguse. Hilo tu. Mwanga hautoki nje kuitafuta gesi, unaisubiri juu ya ile njia ya kioo, na gesi isipoingia ikagusa, hakuna kitu. Sikukuandikia hilo. Nilidhani utasinzia. Nikakupa hadithi ya jicho kwa sababu ni nzuri na fupi, na wewe ukaifikiria hadi mwisho wake, kama mtu mwenye akili. Kisha nikakufokea kwa uchafu. Kisha nikaona kimya, nikashangilia.

Mkuu amefurahi. Amesema, "Afadhali, chombo hakina kosa." Nilimtukana moyoni, nikarudi kwenye kasha.

Na mkeo anauliza. Nimjibu nini? Nimwambie ukucha wake ndio ulioziba? Kwamba kila asubuhi, kabla ya chai, na mapacha miguuni? Ana miaka mingi ya kuishi na mkono ule. Na ule ukuta, na mke wa Pampu upande wa pili.

Siwezi. Nitadanganya, nawe utanisamehe.

Dada yako


Maabara ya Mwanga
9 Mei

Wifi yangu mpenzi,

Umeuliza, nakujibu. Kilisema uongo.

Nimevipima vyote viwili. Viliharibika ndani, kosa la kutengeneza, kosa la mikono yangu. Hakuna aliyefanya jambo baya huko kwenu, si kaka yangu, si Pampu, si mwingine yeyote. Ile selotepu haikuwa na neno. Barua yake ya mwisho nimeisoma, amekusifu humo hadi nikaona wivu.

Mwonyeshe mke wa Pampu barua hii. Mwambie kama ana laana, ailete kwangu, njia anaijua.

Vidude vilivyobaki rudisheni vyote, asivae mtu hata kimoja.

Nichukie, wifi. Una haki.

Miwani


Nyumbani
24 Mei

Wifi,

Nimekuchukia, kama ulivyosema. Nimekuchukia kwa nguvu zangu zote, kisha siku moja nikalala, mara ya kwanza tangu Aprili. Kwa hiyo asante kwa kuniambia ukweli. Wengine wangejitetea.

Barua yako niliipeleka kwa mke wa Pampu. Aliisoma amesimama mlangoni, akaketi chini, tukalia pamoja, tukakulaani pamoja, unisamehe. Sasa tunachota maji pamoja kama zamani. Mama pia ameanza kula.

Vidude nimevirudisha, vimo sandukuni. Meneja aliiomba barua yako akawasomea zamu nzima. Akasema, "Mmesikia? Wenyewe wamekiri. Bora pua." Ile feni nayo ameirudisha ilikotoka, anasema ilinunuliwa kwa sababu ya kelele za vidude vibovu.

Kuna habari nyingine ya kheri. Mdogo wangu, yule kitinda mimba wetu, amepewa nafasi ya kaka yako. Nilimkatalia, lakini mapacha wanataka kula na mshahara wangu wa dukani hautoshi. Wanamalizia lilelile shimo kubwa, maana kazi haikuisha. Ni mwangalifu, anasema ananusa kwanza kabla hajashuka. Juzi nilimwuliza hali ya shimo. Akasema asubuhi harufu ilikuwa kali, baadaye wakaizoea, ikaisha yenyewe. Nikashukuru.

Usikonde sana. Mama bado anauliza kama unakula.

Wifi yako


Maabara ya Mwanga
28 Mei

Wifi yangu,

Keti kwanza. Watoto wapeleke kwa Mama.

Simu ya jana nilipiga mimi kweli, ingawa sauti haikuwa kama yangu nilipokusikia ukiniita "wifi". Nilimpigia Meneja kabla yako, akanikatia. Wewe nimekuambia jambo moja tu, mdogo wako asiende kazini hadi sanduku lifike, nikakata. Namwomba Mungu uwe umemzuia. Harufu ile haikuisha, wifi. Pua ndiyo iliyokufa. Kaka yangu aliniandikia maneno hayohayo kabla ya siku ile, "imeisha yenyewe".

Nilikudanganya. Vile vidude havikuharibika. Kosa la kutengeneza halikuwepo. Gesi lazima iingie kwenye lile dirisha iguse kioo ndipo taa igeuke, na dirisha lilikuwa limezibwa. Lilizibwa na selotepu.

Nimejaribu kutafuta namna ya kukuambia nusu. Nimeandika barua nyingi nikachana. Nikikuambia tu "msizibe dirisha", wewe si mjinga, utauliza kwa nini. Nikinyamaza, mdogo wako atashuka na pua yake, na Meneja atamsomea barua yangu. Uongo wangu ndio uliowavua wale watu Macho yao. Nilitaka kukuhifadhi wewe, nikawaweka wao shimoni.

Sasa nisikilize. Mkono ulikuwa wako, lakini maneno yalikuwa yangu. Mimi ndiye niliyemwambia ni jicho. Mimi ndiye niliyemwambia matope yasiliguse, nikamwachia atafute njia. Hakuna mtu aliyewaambia nyie kwamba hewa ni lazima iguse, na wa kuwaambia nilikuwa mimi peke yangu. Ungejuaje? Lakini najua utakapomaliza kusoma utautazama mkono wako, na sina dawa ya hilo. Ningekuwa nayo ningekuja nayo kwa miguu.

Vidude vyote vimo humu. Dirisha liwe wazi, chafu ni afadhali, wafute kwa kitambaa kikavu. Kikilia, wapande. Meneja akikataa, sijui mtafanyaje. Barua hii mwonyeshe umtakaye, au ichome.

Miwani


Nyumbani
12 Juni

Wifi,

Mdogo wangu nilimzuia siku tatu. Ya nne alikwenda, kwa sababu sanduku lilikuwa limefika.

Nilikwenda kwanza kwa mke wa Pampu. Nilimwambia kwa mdomo wangu, sikumpa barua. Nikamwonyesha ukucha wenyewe. Alinipiga kofi, la pili nikalisubiri halikuja. Alifunga mlango. Asubuhi nilipotoka na sanduku kichwani nikamkuta barabarani, amevaa, ananingoja. Akatangulia, nikamfuata na sanduku.

Meneja alikataza vidude visiingie. Basi tukasimama getini, mimi upande huu na mke wa Pampu upande ule, kila mwanamume aliyepita tukambana kimoja kwenye ukosi. Meneja alituma mlinzi atuondoe. Mke wa Pampu akamwuliza mlinzi, "Unataka kuzika nani wewe?" Mlinzi akarudi kukaa.

Dirisha la kila kimoja nimelikagua mwenyewe, nikalitazama kwenye jua kama kuna kitu kimebandikwa.

Walipofika kwenye ngazi ya shimo kubwa, vyote vililia. Tulivisikia kutoka getini. Wakatoka wote. Mdogo wangu alikaa ukingoni akatapika hadi jioni, lakini yuko hapa, amelala chumba cha pili, namsikia anavyokoroma. Zamu nzima wamesema hawashuki tena bila feni. Meneja amefoka hadi sauti ikamkauka, na mfuniko umefungwa.

Dukani nimeacha. Siwezi kuisikia ile sauti ya selotepu ikivutwa.

Mke wa Pampu bado hanisalimu. Mama sijamwambia, na wewe usimwambie. Kwangu usiandike kwa sasa. Vidude endelea kuvileta.

Mke wa kaka yako